Damu ya nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jeni na urithi wa sifa

Maswali haya yamekusanywa Dodoma kwa miaka: darasani, kwenye vikao vya wazazi, mnadani, na kwa majirani wanaobisha hodi jioni wakiwa na karatasi ya maabara mkononi. Yameanza na ya msingi, yanaishia kwenye yale yenye utata. Jambo likishajibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

Mengi ya maswali haya, ukiyasikiliza vizuri, si ya sayansi peke yake. Kuna mtu anatafutwa wa kubebeshwa lawama, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Majibu yameandikwa hilo likijulikana.

## Mambo ya msingi

1. Jeni na vinasaba ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ila vinakaa pamoja. Karibu kila seli ya mwili wako ina nyuzi ndefu na nyembamba mno za kemikali iitwayo DNA, ambayo tumezoea kuiita vinasaba. Kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini, ndiyo jeni. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000.

Nyuzi hizo zimejikunja katika kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Maana yake ni kwamba karibu kila jeni unayo katika nakala mbili. Lishike hili la nakala mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu yanayofuata imesimama juu yake.

2. Mtoto anachukua zaidi kwa baba au kwa mama?

Nusu kwa nusu. Huku kwetu ukoo unahesabiwa kwa baba, na hakuna ubaya. Ukoo ni utaratibu wa watu. Ila jeni hazijui ukoo. Yai la mama lina kromosomu 23, mbegu ya baba ina 23, basi.

Na kama kuna anayetaka kupima kwa mizani ya duka la dhahabu, mama anazidi kidogo. Mtoto wa kiume hupata kromosomu X kutoka kwa mama na Y kutoka kwa baba, na Y ni fupi, ina jeni chache sana kuliko X. Tena ndani ya seli kuna mitokondria, sehemu zinazozalisha nguvu, zenye vinasaba vyake vidogo vya jeni 37. Hizo sote tunazipata kwa mama peke yake. Wazee wa ukoo huwa hawalipendi jibu hili.

3. Mbona watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani?

Kwa sababu kila mtoto anapata nusu, lakini si nusu ileile. Yai au mbegu inapotengenezwa, kila jozi hutoa kromosomu moja kwa bahati. Kwa jozi 23, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8, na mume na mke kwa pamoja zaidi ya trilioni 70. Hapo bado hatujahesabu kwamba kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande kabla ya kuachana. Ajabu si watoto kutofanana. Ajabu ni pale wanapofanana.

4. Jogoo wangu ni kishingo na tetea ni kishingo. Mbona baadhi ya vifaranga wametoka na manyoya shingoni?

Swali hili liliulizwa na mfugaji wa Manyoni, na sijapata mfano mzuri kuliko huo wa kufundishia.

Sifa ya kishingo inatokana na jeni moja. Tuite nakala inayonyima manyoya K, na ile ya kawaida k. Kuku mwenye K moja tu anatosha kuwa kishingo. Nakala ya namna hii, inayoonekana hata ikiwa peke yake, huitwa jeni tawala. Ile k inayofunikwa huitwa jeni fichu. Haionekani mpaka zikutane mbili.

Sasa kama jogoo wako ni Kk na tetea ni Kk, wote ni kishingo, lakini kila mmoja amebeba k kimyakimya. Kifaranga anaweza kupata KK, Kk au kk. Kwa wastani, kati ya vifaranga wanne, mmoja atakuwa kk mwenye manyoya kamili. Hakuna jogoo wa jirani aliyeruka ukuta.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Mkamate kuku wako umtazame shingo kwa mbele, karibu na kifua. Mwenye K moja huwa na kishada cha manyoya hapo. Mwenye KK shingo ni tupu kabisa, au imebakiwa na vinyoya vichache. Kwa hiyo utawala wa K si kamili, na wewe mfugaji unaweza kusoma jeni za kuku wako kwa macho bila maabara. Ukitaka vifaranga wote wawe kishingo, tafuta jogoo asiye na kishada. Inalipa kwa joto la huku, maana ngozi isiyo na manyoya hutoa joto haraka zaidi.

5. Nani aligundua haya?

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Alipandishana njegere miaka kadhaa, akahesabu, akawasilisha matokeo mwaka 1865 na kuyachapisha 1866. Katika jaribio moja alipata punje 5,474 za duara na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja, uwiano uleule wa vifaranga wa swali la 4. Alifariki 1884, na dunia ikaja kumwelewa mwaka 1900. Umbo la DNA lilijulikana 1953, kwa kazi ya James Watson na Francis Crick wakitegemea pia picha za eksirei kutoka maabara ya Rosalind Franklin.

## Jinsia, sura na rangi

6. Mke wangu anazaa wasichana tu. Tatizo ni nini?

Hakuna tatizo, na kama lingekuwepo lisingekuwa la mkeo. Mwanamke ana XX, kila yai lake lina X. Mwanamume ana XY, nusu ya mbegu zake zina X na nusu Y. Mbegu ya X ikiwahi, ni msichana; ya Y ikiwahi, ni mvulana. Kinachoamua kimetoka kwa baba, ingawa baba naye hachagui.

Watu huuliza tena: "Tumeshapata wasichana watano, wa sita si lazima awe mvulana?" La. Kila mimba ni kama kurusha sarafu upya. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Wasichana watano mfululizo hutokea katika familia takriban moja kati ya kila 32 zenye watoto watano. Katika tarafa moja tu utazipata nyingi. Mume anayeoa mke wa pili kutafuta mtoto wa kiume amekwenda na mbegu zilezile.

7. Mtoto wetu ni mweupe kuliko sisi wote. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Kwanza, subiri: watoto wengi wachanga huzaliwa wakiwa na rangi nyepesi, na ngozi hukolea kadiri wiki na miezi inavyokwenda. Pili, rangi ya ngozi haiamuliwi na jeni moja, ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Wazazi wawili wa rangi ya katikati wanaweza kila mmoja kutoa nakala zake nyepesi, zikakusanyika kwa mtoto mmoja. Mdogo wake akapata zile nzito. Ndiyo maana unasikia "amemchukua bibi yake mzaa baba". Amemchukua kweli, kwa kupitia baba.

Kama ngozi, nywele na macho vyote havina rangi ya kawaida, soma swali la 15.

8. Wakati wa ujauzito nilimchukia sana shemeji yangu, na mtoto amefanana naye. Je, ni chuki ile?

Dada yangu, shemeji yako ni ndugu wa mumeo, tumbo moja. Kwa wastani nusu ya jeni zao ni zilezile. Mtoto kufanana na baba mdogo wake ni jambo la kutegemewa, umpende mtu huyo usimpende. Wajawazito humchukia mtu wa karibu, na watu wa karibu ndio ndugu. Ungemchukia mtu wa Ulaya ambaye hujamwona, mtoto asingefanana naye.

9. Mapacha wanarithiwa?

Wasiofanana, ndiyo, kwa kiasi. Wao hutokea mama anapopevusha mayai mawili kwa mwezi mmoja, na tabia hiyo ya mwili huendeshwa na jeni. Baba naye anaweza kuibeba bila kuonekana kwake, akampa binti yake, binti akazaa mapacha. Mapacha wanaofanana ni yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa. Hilo kwa kawaida halifuati familia.

10. Urefu na akili je?

Urefu unategemea jeni nyingi mno, maelfu ya sehemu ndogondogo za vinasaba, pamoja na chakula na magonjwa ya utotoni. Mtoto mwenye jeni za urefu akikosa lishe miaka miwili ya kwanza anadumaa, na jeni zake hazimsaidii. Akili ni hivyohivyo, na zaidi: mazingira yana mkono mrefu. Anayesema "ukoo ule hawana akili za darasani" aulize kwanza shule iko kilomita ngapi na watoto wanakula nini asubuhi.

## Damu

11. Mimi ni A, mume wangu ni B, mtoto ni O. Mume wangu hataki kusikia.

Mweleze hivi. Kundi la damu lina nakala za aina tatu: A, B na O. A na B zote ni tawala, O ni fichu. Mtu wa kundi A anaweza kuwa AA au AO. Wa kundi B anaweza kuwa BB au BO. Wewe ukiwa AO naye akiwa BO, mtoto anaweza kupata O kwako na O kwake. Mimba kama hiyo inaweza kutoa kundi lolote kati ya manne.

Yasiyotegemewa ni haya: wazazi wawili wa O kupata mtoto wa A au B, na mzazi wa AB kupata mtoto wa O. Hata hapo rudia kipimo kwanza kabla ya kurusha maneno, maana makosa ya kuandika yapo, na kuna hali adimu za kijenetiki zinazopotosha matokeo. Kundi la damu linaweza kuleta shaka juu ya baba. Kuthibitisha kwamba fulani ndiye, haliwezi. Kwa hilo, swali la 24.

Kuhusu chanya na hasi: chanya ni tawala. Wazazi wawili chanya wanaweza kupata mtoto hasi. Mama hasi aliyepata mimba na mwanamume chanya amwambie mkunga mapema. Iko sindano ya kuzuia mwili wake usije ukashambulia damu ya mtoto, hasa mimba zinazofuata.

12. Sisi wote wazima. Mtoto amepata wapi selimundu?

Kwenu wote wawili, sawasawa. Selimundu, au sikoseli, ni jeni fichu. Tuite nakala nzima A na yenye kasoro S; A hii si ile ya makundi ya damu ya swali la 11. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro (AS) anaishi maisha yake, analima, anacheza mpira, na pengine hatajua kamwe. AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya SS, yaani mgonjwa; mbili kati ya nne ya AS; na moja ya AA. Ni kila mimba, siyo "mmoja ameshaugua, watatu watasalimika".

Ugonjwa hutokana na badiliko dogo sana: herufi moja ya vinasaba katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Himoglobini hiyo ikikosa oksijeni hushikamana, seli nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu huanza. Mtoto huzaliwa akiwa mzima kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni. Inapoisha, kwenye miezi sita hivi, ndipo mikono na miguu huvimba na yeye kulia usiku kucha. Wengi huambiwa ni jino au ni jicho la mtu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka.

Mama mkwe anayesema "kwetu hakuna ugonjwa huo" anaweza kuwa mkweli: kwao haukuonekana. Mwanawe alibeba S, wakwe nao walibeba S, na pasipo kukutana wawili hakuna aliyeugua. Mtoto SS hawezi kutokea kwa upande wa mama peke yake. Akiwa SS, baba ametoa S moja.

13. AS inaweza kugeuka SS ukubwani? Na tupime vipi kabla ya ndoa?

Haigeuki. Ulivyozaliwa ndivyo utakavyokuwa.

Mkipima, ulizeni kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja kinaonyesha S ipo au haipo, hakitenganishi AS na SS. Mkikuta wote ni AS, uamuzi ni wenu. Kazi ya kipimo ni kuwapa hesabu ya swali la 12, siyo kuvunja uchumba. Na kwa aliye na ugonjwa tiba ipo: dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

14. Kama jeni hii ni mbaya, mbona haijaisha duniani?

Kwa sababu kwa mwenye nakala moja inamkinga na malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Mahali ambapo malaria iliua watoto wengi, AS waliishi wakazaa. Ndiyo maana S imejaa zaidi kwenye watu waliotokea maeneo ya malaria kali, kama kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani, kuliko nyanda kavu. Ila Dodoma ya leo ni makao makuu, watu wametoka kila kona na wanaoana. Usihesabu kwa kabila la mtu, hesabu kwa kipimo.

15. Mtoto mwenye ualbino anatokeaje kwa wazazi weusi?

Kwa njia ileile ya swali la 12. Ualbino ulio mwingi kwetu ni jeni fichu, mtoto amepata nakala moja kwa kila mzazi. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Ukipiga hesabu kutoka hapo, takriban mtu mmoja kati ya 19 amebeba nakala moja bila kujua. Katika daladala iliyojaa kutoka Sabasaba kwenda Ihumwa wanaweza kuwamo wawili au zaidi.

Mama hakutoka nje. Hakukosea masharti ya ujauzito. Na baba anayemtelekeza mkewe kwa sababu hiyo amemkimbia mtoto aliyebeba jeni yake mwenyewe.

Mtu mwenye ualbino akizaa na mtu asiyebeba nakala hiyo, watoto wote hubeba lakini hawana ualbino. Wazazi wote wawili wakiwa na ualbino wa aina moja, watoto wote watakuwa nao. Kama aina zao ni tofauti, kwa jeni mbili tofauti, wanaweza kupata watoto wa rangi ya kawaida kabisa. Likitokea hilo, maneno huanza mtaani, na maneno hayo hayana msingi. Jua la huku ni kali: kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi tangu utotoni ni lazima, si urembo.

## Yanayofuata familia lakini si ya kurithi

16. Familia nzima tuna meno ya kahawia, kuanzia babu. Si urithi huo?

Kama mmekulia sehemu za Singida zenye maji ya madini ya floraidi, kilichorithiwa ni kisima. Floraidi ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengwa, huyapaka madoa. Jaribio la bure la kutambua: angalia binamu aliyezaliwa na kukulia mbali. Damu ni ileile, meno yake meupe.

Kongwa hali ni kama hiyo kwa vikope, yaani trakoma. Bibi alipofuka, mama kope zinakwaruza jicho, mtoto macho yanatoa matongotongo. Watu wakasema ni ya ukoo. Ni bakteria. Inapita kwa nzi, vitambaa na mikono ya wanaolala pamoja, na huwapata zaidi wanawake kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Dawa na maji ya kunawia uso vinaivunja. Na mwaka 2016 kaya za Dodoma na Manyara zilipougua pamoja kwa sumukuvu, baba, mama na watoto, wapo waliosema ni laana ya nyumba. Ilikuwa mahindi.

Kanuni yangu ni hii: kabla ya kusema urithi, uliza watu hawa wanakunywa nini, wanakula nini, na wanalala wapi.

17. Nilikatika kidole. Mtoto atazaliwa hivyo?

Hapana. Ng'ombe wanakatwa alama masikioni kizazi baada ya kizazi, na ndama bado wanazaliwa na masikio mazima. Jeni zilizo kwenye mayai na mbegu hazina habari na panga lako.

## Mifugo na mashamba

18. Beberu wangu ni mzuri sana, nimekaa naye miaka. Kwa nini vitoto siku hizi ni dhaifu?

Kwa sababu sasa anapanda binti zake na wajukuu zake. Kila mnyama amebeba nakala fichu mbovu kadhaa. Ndugu wamebeba zilezile, kwa hiyo zinakutana (swali la 4). Utaona vitoto vidogo, vinavyokufa mapema, majike yanayochelewa kushika mimba. Badilishana beberu na mfugaji wa kijiji cha mbali kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa. Kubadilishana na jirani wa ukuta mmoja hakusaidii, huenda beberu wake ni mtoto wa wako.

19. Nikipandisha ng'ombe chotara kwa chotara nitapata maziwa kama ya mama?

Wengine ndiyo, wengine hapana. Uzao wa kwanza wa ng'ombe wa asili na wa kigeni hufanana na huwa na nguvu. Ukizalisha hao kwa hao, sifa zinatawanyika. Kutengeneza aina inayotulia ni kazi ya miaka mingi ya kuchagua. Ng'ombe wa Mpwapwa alipatikana hivyo, katika kituo cha utafiti cha hukohuko, kwa kuchanganya damu ya Sahiwal, Red Sindhi, ng'ombe wa asili, Boran na Ayrshire. Kwa mfugaji mdogo, njia rahisi ni uhimilishaji kwa mbegu ya dume ambalo rekodi za mama na mabinti zake zinajulikana. Dume halikamuliwi, lakini nusu ya jeni za maziwa za binti zimetoka kwake.

20. Nilinunua mbegu chotara ya alizeti kwa bei kali. Naweza kurudia kupanda nilizovuna?

Unaweza, ila utavuna mchanganyiko: shina refu, fupi, vichwa vikubwa na vidogo, vingine vikiwahi kukomaa. Mbegu chotara ni uzao wa kwanza, na zile ulizovuna ni uzao wa pili; jeni fichu zimeanza kujitokeza kama manyoya ya vifaranga. Ukitaka kutunza mbegu, panda aina isiyo chotara kama Record, uchague vichwa vizuri katikati ya shamba, mbali na alizeti ya jirani, maana nyuki hawajui mipaka.

21. Na zabibu?

Zabibu tunapanda kwa pingili, hivyo kila mche una jeni zilezile za mzabibu mama. Ndiyo maana shamba zima la Makutupora Red linafanana. Faida ni hiyo, na hasara ni hiyohiyo: ugonjwa ukiushinda mzabibu mmoja, umeishinda yote. Ukiotesha kokwa ya zabibu utapata mzabibu mpya usioujua.

22. Chotara ndiyo GMO?

Hapana. Chotara ni kupandisha mzazi kwa mzazi, kama kuku wa swali la 4. GMO ni mmea au mnyama aliyeingiziwa jeni maabara. Mahindi ya aina hiyo yalipandwa kwa majaribio kituo cha Makutupora mwaka 2016, na Novemba 2018 Serikali ikaagiza yasitishwe. Mbegu chotara uliyonunua dukani haihusiani na habari hiyo.

## Yenye utata

23. Binamu kwa binamu kuoana kuna hatari?

Kuna hatari iliyoongezeka, si hukumu. Binamu wa kwanza wana wastani wa sehemu moja ya nane ya jeni kwa pamoja. Mtoto yeyote ana nafasi ya asilimia 2 hadi 3 hivi ya kuzaliwa na kasoro kubwa. Kwa binamu huongezeka takriban kiasi kama hicho tena. Kwa maneno mengine, wengi wa watoto wao huzaliwa wazima. Hatari inapanda panapokuwa na desturi ya kuoana hivyo vizazi kwa vizazi, au pakiwa na ugonjwa unaojulikana kwenye ukoo. Hapo pimeni kwanza.

Mtoto mwenye Down sindromu ni habari nyingine: ana kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mbili, ajali ya kugawanyika kwa seli ambayo huongezeka na umri wa mama, na mara nyingi haikurithiwa kwa mtu. Nayo hemofilia, damu kutoganda, hukaa kwenye X: mama huibeba bila kuumwa kwa sababu ana X nyingine, mtoto wa kiume akiipata huumwa kwa sababu hana. Baba mwenye hemofilia hawezi kumpa mwanawe wa kiume, maana kwake humpa Y.

24. Nataka kipimo cha vinasaba kujua kama mtoto ni wangu. Naenda wapi?

Nchini kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu. Huendi mwenyewe na mtoto mgongoni. Maombi hupitia kwa wanaotambuliwa, kama mahakama, ofisi ya ustawi wa jamii au wakili. Sampuli huchukuliwa kwa kufuta ndani ya shavu; hakuna kuchanjwa.

Maabara hulinganisha sehemu kadhaa za vinasaba. Kila sehemu mtoto ana nakala mbili, moja lazima iwe ya mama. Iliyobaki lazima iwepo kwa baba. Zisipolingana sehemu kadhaa, siye. Zikilingana zote, uwezekano huandikwa kwa asilimia inayokaribia 100. Waambie mapema kama yupo mwanamume mwingine anayedhaniwa kuwa baba na ni ndugu yako wa damu, kwa sababu ndugu hulingana sehemu nyingi na maabara itahitaji kupima zaidi.

Na kabla hujajaza fomu, fikiria utafanya nini na jibu. Mtoto wa miaka tisa anayekuita baba naye atalisikia.

25. Na kama anayedhaniwa ni pacha wa kufanana na mimi?

Kipimo cha kawaida hakitawatenganisha. Nyote mtatoka kuwa baba. Uko uchunguzi wa kusoma vinasaba vyote kutafuta tofauti ndogo zilizojitokeza baada ya yai kugawanyika, ila ni ghali na si huduma ya kila siku. Kesi kama hiyo itaamuliwa kwa ushahidi wa nani alikuwa wapi, kama zilivyoamuliwa kesi kabla maabara hazijakuwepo.